Kapteni Aliyevua Magwanda

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini katika soko la Tsuruhashi, Osaka, bado vilipiganwa: watu walisukumana kugombea viazi vitamu. Hapo ndipo buti la Mmarekani lilipomkanyaga Chizuru.

"Niwie radhi, ewe bibie mtukufu!" Kapteni Hallam akasema kwa Kijapani, ameinama hadi kofia ikadondoka.

Chizuru, ndani ya suruali yake ya viraka, akaangua kicheko. "Nani kakufundisha? Unaongea kama marehemu bibi yangu!"

"Vitabu vya kale."

"Basi nitakufundisha lugha ya walio hai."

Mapenzi yakashika. Kapteni akawa anapiga simu kwa jirani muuza sake, pombe ya mchele, na mtaa mzima unatega sikio.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba maneno ya watu. Niletee kingine!"

Ndipo baba yake Chizuru, mghani wa michezo ya vikaragosi, aliporudi nyumbani uso umemshuka. Jeshi la Wamarekani waliokalia nchi limeufungia mchezo wake mkuu. Aliyetia saini ni Hallam.

"Ni wewe?" Chizuru akauliza simuni.

"Ilikuwa amri, mpenzi."

"Amri haina mkono. Mkono ni wako!"

Akakata, akamkataza muuza sake asimwite tena. Baadaye akasikia kapteni amerudi kwao. Bila hata kuaga! Akalia kwa hasira, akajifuta, akaendelea na maisha.

Miaka ikapita, marufuku ikaondolewa. Alasiri moja mwanamume mrefu, koti limechakaa, akapiga magoti mbele ya baba yake Chizuru.

"Nimeacha jeshi, mwalimu. Nasoma chuo kikuu Kyoto. Nataka kuuandika mchezo nilioufungia. Nifundishe."

Mzee akasema: "Ulikosea."

"Nilikosea."

"Haya, keti. Ghani."

Chizuru akamfuata uani. "Mbona uliondoka kimya?"

"Niligoma kufungia mchezo wa pili, wakanipakia melini. Nilipiga simu, nikaambiwa hutaki kuitwa."

Chizuru akalikumbuka katazo lake kwa muuza sake. Ni kweli, hakutaka.

Habari kwamba wamerudiana zikamfikia mjomba wake. Akaja amevaa haori, joho lake jeusi la misiba. "Adui aliyetuchomea mji! Ukimfuata huyo, tunalifuta jina lako katika ukoo."

"Lifuteni vizuri, mjomba, lisibaki hata doa." Akamgeukia Hallam. "Na wewe, unanioa, au nikuoe mimi?"

Hallam akawa mwekundu hadi masikioni. "Nioe wewe."

Chizuru akamshika mkono, wakatokea mlango wa mbele, mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama.