Pigo Lililokosekana

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa injini za dizeli. Mjane wa mwenye mashine ya kusaga alimwita aangalie injini iliyokuwa ikigonga mara tatu na kuruka pigo la nne. Chumba hakikuwa na dirisha, na taa yake iliwashwa na injini hiyohiyo.

Fundi alilegeza mirija ya mafuta mmoja baada ya mwingine. Kila alipolegeza, mlio ulibadilika, isipokuwa kwenye silinda ya tatu. Hiyo ndiyo iliyokufa. Nozeli yake, kile kipulizia mafuta, aliifunga fundi mwenyewe enzi za uhai wa mwenye mashine: ilikuwa kuukuu, akaiosha kwa dizeli na kumwapia kwamba ni mpya.

"Marehemu hakutaka mtu mwingine aiguse, shemeji," mjane alisema. "Alikuamini mno."

Fundi aliona haya, akashindwa kumtazama. Akazima injini. Giza likatanda, naye akaifungua ile nozeli kwa kupapasa, akaizungushia kitambaa na kuificha mfukoni.

Ndipo likasikika pigo moja. Kimya cha mapigo matatu. Kisha pigo moja tena.

"Shemeji," mjane akauliza polepole, "ni nini kinachogonga mfukoni mwako?"