Kiti cha Mbele Kisichokunjika

Kigari kilikuwa kimelalia upande wa nyuma kushoto. Si sana, upana wa vidole viwili tu, lakini Aika aliuona ulalo huo kabla hata hajamwamkia mwenye gari. Ilikuwa Mini nyeupe, imesimama kwenye uwanja tambarare kati ya migomba na kahawa, haina mtu wala mzigo, na kona ile moja imeshuka kama ya gari lililobeba mtu mzima.

"Raba imechoka," alisema Manase alipoona anakoangalia. "Gari hizi hazina springi, dada. Zinabebwa na raba. Ukibadilisha, inanyanyuka."

Aika alijua. Marehemu baba yake alikuwa na gari kama hilo, na yeye ndiye aliyekuwa akimshikia tochi baba akilala chini ya gari. Siku hizi alikuwa mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, mtu wa kurudisha gunia zima kwa sababu ya punje chache zilizooza. Na gari hili hakulitafutia sifa. Mama yake, Fransiska, figo zilikuwa zimekoma kufanya kazi. Bila kusafishwa damu hospitalini kila baada ya siku chache, angekufa. Kulikuwa na asubuhi ambazo bajaji haikutokea, na mama akafika amevimba uso, anahema kama aliyepanda mlima.

Alimweleza Manase hayo yote palepale uwanjani. Manase akasema Mungu amsaidie mama.

Akaanza kukagua. Alipitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye mabati ya chini ya milango, kutafuta mahali palipozibwa kwa puti na kupakwa rangi. Sumaku ikang'ang'ania kote. Alinyanyua zulia akachokonoa sakafu kwa bisibisi. Alifungua kifuniko cha oili kuangalia kama kuna ute mweupe, dalili ya maji kuingia kwenye injini. Aliwasha injini ikiwa bado ya baridi, akasimama nyuma kuangalia rangi ya moshi. Alitikisa magurudumu. Aliliteremsha barabarani kwa gia ya pili, kusikiliza kama gia itaruka. Gari lilikuwa zima kuliko umri wake.

Kitu kimoja alikiona, akakipita. Mini za zamani zina milango miwili tu, kwa hiyo kiti cha mbele hushikwa kwa miguu ya mbele peke yake. Ile ya nyuma huachwa huru, ili kiti kipinduliwe na aliyekaa nyuma apate kutoka. Kiti hiki cha kushoto kilikuwa kimepigwa bolti miguu yote. Bolti mpya, za milimita, kwenye gari ambalo kila kitu chake ni cha inchi. Tena kilikuwa kimevishwa kava jipya.

"Hiki mbona hakikunjiki?"

"Kilikuwa kinaruka nikifunga breki. Usalama, dada."

Aika akaridhika, kwa sababu cha baba yake kiliruka vilevile. "Ulikuwa unaliendesha wewe?"

"Mimi. Lakini lilikuwa la mama. Yeye alikuwa anakaa nyuma tu, pale."

Alisema pale bila kugeuza uso kuonyesha. Aika akauliza habari za radieta. Hakuuliza mama yuko wapi.

*

Nyumbani kwao Lemara, Aika alibadilisha raba za nyuma zote mbili. Aliposhusha jeki, kona ya kushoto ikapumua, ikarudi palepale. Alijaza upepo, akahamisha matairi, akaweka pimamaji juu ya bampa. Kiputo cha hewa kikakimbilia kulia.

"Achana nalo," mama alimwambia kutoka mlangoni. "Hata mimi siku hizi nimelalia upande, na hujanipiga jeki."

Safari ya kwanza hawakuwa wamefika hata barabara kuu.

"Aika," mama alisema kwa sauti ya chini. "Umebeba maziwa?"

"Hapana."

"Yanachacha."

Aika alikuwa ameshaisikia ile harufu: maziwa ya kibuyu, na chini yake harufu ya blanketi la sufi lililolowa likaachwa juani.

"Na mbona unanisukuma mgongoni?"

"Nimeshika usukani, mama. Mikono yote miwili."

Hawakuangalia nyuma hadi hospitali. Jioni, Aika alipomsaidia mama kuvua blauzi, alikuta alama mbili za bluu za viganja kati ya mabega, pana chini, zenye vidole vifupi juu.

Alimwita mwinjilisti wa mtaa, Abdiel, mtu mpole aliyekuja na chupa ya mafuta mchana kweupe. Aliombea boneti, akaombea buti, akapitisha mkono kwa dirisha kuelekea kiti cha nyuma. Akautoa haraka. Ulikuwa umelowa kitu cheupe.

"Nimekiamuru kitoke," alisema, akijifuta kwenye suruali yake bila kujali kuichafua.

"Kikasemaje?"

"Kimesema na chenyewe kinataka hivyo hivyo."

Hakukubali hata soda. Na safari iliyofuata, kwa kuwa bajaji haikupatikana na uso wa mama ulikuwa umeanza kuvimba, Aika alimpakia tena, akamwekea mto mgongoni, akaendesha akiwa ameuma meno, na nyuma yao kukaanza kukwaruza, kucha juu ya ngozi ya kiti, polepole kwanza kama paka anayetaka kufunguliwa, kisha haraka, kisha viganja vikaanza kupiga, na kila kilipopigwa kiti mama alirushwa mbele na mkanda ukamkata pumzi, na Aika hakuweza kusimama kwa sababu nyuma kulikuwa na lori na mbele kulikuwa na hospitali, akawa anasema tunafika mama, tunafika, huku kioo kidogo cha dirisha la nyuma kikigongwa kwa kitu kigumu kama pete, na ukungu wa pumzi ukitanda juu ya kioo kile kutoka ndani, mahali ambapo hapakuwa na mdomo wa kupumua.

Siku hiyo walichelewa kumweka mama kwenye mashine hadi presha yake ishuke. Daktari aliuliza nani anampiga.

"Huyo wa nyuma anaongea Kimeru," mama alinong'ona walipokuwa peke yao. "Na Kichaga chetu vinakaribiana, nusu namsikia. Hanichukii, mwanangu. Anataka kushuka. Mimi ndiye nimekaa mlangoni."

Waliporudi nyumbani Aika akachukua spana, akapiga magoti kwenye kiti kile. Mama akamshika mkono.

"Ukimfungulia hapa, atashuka hapa."

Ikabidi aache bolti. Lakini kava alilichana. Chini yake, ngozi nyekundu ya nyuma ya kiti ilikuwa imechimbwa kwa kucha kuanzia juu hadi chini, mifereji mirefu, mingine imefika kwenye sponji. Aika aliiangalia mpaka hofu aliyokuwa nayo ikamwisha, na kilichokuja mahali pake kilikuwa cha moto. Mtu yule alijua. Alikifunga kiti kwa mkono wake, akakivisha nguo, kisha akasimama kwenye migomba yake akamsikiliza binti akieleza kwamba anatafuta gari la kubebea mama mgonjwa, akasema Mungu amsaidie.

*

Alipofika kwa Manase alimkuta Hanna tu, dada yake Manase, anachambua kahawa kwenye turubai.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hanna aliliona gari, akaacha kuchambua. "Kumbe ni wewe uliyeuziwa. Alituambia amelipeleka skrepa."

"Mama yenu alifia wapi?"

Hanna aliangalia nyumba, kama vile kuna anayesikiliza. "Hospitali. Ndivyo Manase alivyotuambia. Lakini nilipomvisha, kucha zake zilikuwa zimevunjika, na ndani ya kucha kulikuwa na vumbi jekundu. Nikanyamaza. Baadaye watu wa Kwa Mrombo, kule kwenye nyama choma, wakasema." Sauti yake ikapungua zaidi. "Alikuwa anampeleka mama hospitali, kifua kimembana. Akasimama pale kununua nyama, dakika mbili, akafunga milango kwa ajili ya vibaka. Kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Alikaa mpaka ukaisha. Mama alikuwa na kibuyu chake cha maziwa mapajani, zawadi ya nesi. Nguvu za kukipindua kile kiti hakuwa nazo. Na jua lile."

"Na kiti?"

"Baada ya mazishi kilianza kujipindua chenyewe. Mtu akikaa mbele, kinamrusha. Ndipo akakipiga bolti."

"Akamfungia mara ya pili."

"Mama yetu tulimzika, tukamwimbia," Hanna alisema. "Kilichomo humo ni kitu kilichoingia kwenye hasira yake, kikaivaa. Usikishushe hapa, nakuomba. Kipeleke kinakodai. Manase yuko Kwa Mrombo hata sasa."

"Nawe unakuja?"

Hanna akainama, akaendelea na kahawa yake. Aika alimkasirikia hata yeye. Kesho ilikuwa siku ya mama ya kusafishwa damu.

*

Kwa Mrombo soko lilikuwa limejaa na moshi wa nyama ulikuwa umelala chini kwa sababu ya baridi. Manase alikuwa kwenye meza ya nje na wenzake wawili, pembeni yake kiti cha plastiki kitupu. Aika aliegesha Mini hatua chache kutoka mezani, akaacha mlango wa kushoto wazi.

"Dada mkaguzi," Manase akasema, akiwaangalia wenzake ili wacheke. "Usiniambie umeleta kurudisha. Ulipima mpaka na sumaku."

"Sirudishi gari. Nimekuletea abiria wako."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alimwona akitoa spana, akainuka.

"Usikifungue hicho kiti."

"Kwa nini?"

"Nakuomba, dada yangu. Kafungulie kwingine."

"Wapi? Kwa mama yangu?" Bolti ya kwanza ilikuwa imekazwa kwa nguvu za mtu mwenye hofu, ilimbidi aikanyage spana. "Nilikuambia yote. Ulinisikia."

"Nilikuwa nasema dakika mbili," Manase alisema, na haikuwa wazi anamwambia nani. "Mama, nilikuwa nasema dakika mbili tu."

Bolti ya pili ikatoka. Aika hakukigusa kiti. Kilijipindua chenyewe, polepole, kwa adabu, kama kinavyopinduliwa kwa mzee, na gari likanyanyuka. Kona ya kushoto ilipanda vidole viwili, ikasimama sawa na nyingine kwa mara ya kwanza. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikapita kati ya meza, na kila ilikopita maongezi yalikatika. Mbwa aliyekuwa chini ya jiko la nyama aliondoka bila kubweka.

Wenzake Manase wakakumbuka kila mmoja ana shughuli. Yeye alikaa tena. Pembeni yake kile kiti cha plastiki kitupu kikaanza kuzama kwenye udongo uliolowa, kwanza miguu ya nyuma, kisha ya mbele, kama kinavyozama mtu mzito akijikalisha vizuri.

Aika alirudisha kiti cha gari mahali pake, akafunga mlango, akawasha gari. Alikuwa bado ana hasira, na alijua hataomba radhi.

Kwa dirisha lililo wazi alimsikia mhudumu akija mezani na sinia lake, msichana mgeni, mchangamfu.

"Kaka Manase, wewe nyama yako iko tayari," alisema, akainama kwa heshima kuelekea kiti cha pembeni. "Na bibi nimletee nini? Anasema kwa jua hili ana kiu sana."