Sauti ya Pili ya Mzee Cephus

Mama mkwe alifunika sahani kwa karatasi ya foili, akanikabidhi ikiwa bado ya moto.

"Mpelekee Mzee Cephus kabla giza halijaingia," akasema. "Na usikae huko kupiga soga. Mtu katoka hospitali juzi tu, wamempasua koo, hana sauti. Wewe utamchosha kwa maswali."

"Mimi na maswali wapi na wapi, Mama Earline?"

"Wewe? Wewe ungemhoji hata maiti, Delphine."

Tukacheka. Binti yangu Joi, mwenye miaka minne, alitaka kunifuata. Nikamwacha miguuni pa bibi yake akisukwa nywele, nikavuka barabara peke yangu. Ilikuwa Agosti, na joto la Memphis lilikuwa limetulia juu ya mtaa kama mfuniko wa sufuria. Nyenze walikuwa wakilia mitini. Kwenye sahani kulikuwa na kambare wa kukaanga, mboga za majani na mkate wa mahindi uliosagwa laini kwa ajili ya koo la mgonjwa. Mama Earline hakusema kwamba ndiye aliyeusaga. Yeye huwa hasemi.

Mtaani kwetu hakuna asiyemjua Mzee Cephus. Ujanani alikuwa nusu ya Cephus na Alonzo, na nyimbo zao zilipigwa kwenye kila harusi na kila redio ya jikoni. Alonzo Rainey, mwenye sauti nyembamba, alitangulia na kuita. Cephus, mwenye sauti nzito, alimjibu kutoka chini. Mama yangu alinilaza kwa nyimbo hizo, na mimi nikamlaza Joi kwa nyimbo hizo hizo.

Alonzo alikufa zamani. Gari lake liliingia mtoni usiku wa mvua. Tangu hapo, kila jioni, Mzee Cephus alikaa kibarazani na kuimba sehemu yake tu. Alinyamaza, akaangalia mlango wa nyumba yake, kisha akajibu. Akanyamaza tena. Akajibu.

Vijana walimtania. "Mzee, leo tena umetuletea mifupa! Nyama umeiacha jikoni?"

Naye alicheka na kuwapungia mkono. Sisi tulidhani anamwachia rafiki yake nafasi kwa heshima. Hakuna aliyewahi kuimba katika nafasi ile.

Jioni hiyo kibaraza kilikuwa kitupu.

Niligonga mara mbili. Nikasukuma mlango, nao ukakwama kidogo kwa sababu ya taulo lililokuwa sakafuni upande wa ndani. Mzee Cephus alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kitambaa cheupe kimezunguka shingo yake, macho yakiutazama ujia unaoelekea jikoni. Aliponiona alisimama, mzee wa watu, akanisogezea kiti chenye mto.

"Nimekuletea chakula, Mzee."

Hakuitazama sahani. Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Binti..." Sauti ilitoka kama karatasi inayochanwa. "Nijibie."

"Nikujibie nini?"

Akaelekeza kidole kule jikoni.

Kwanza nilisikia harufu. Mafuta ya nywele, yale mazito waliyopaka wanaume wa zamani. Halafu sufu iliyolowa. Halafu matope ya mtoni.

Kisha ikaja sauti.

Nyembamba. Tamu. Naijua tangu tumboni mwa mama yangu.

*Ndugu yangu... upo?*

Nilidhani ni santuri. Nikatafuta kwa macho. Redio ilikuwa pale juu ya kabati, waya wake umeviringishwa na kufungwa kwa uzi.

*Ndugu yangu... upo?*

Safari hii haikutoka jikoni. Ilitoka kwenye ujia.

Mzee Cephus alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama. Hakikutoka kitu. Machozi yakamtiririka, na bado alikuwa akijaribu, midomo ikicheza kama ya samaki aliye mchangani.

Jamani, mimi nimelelewa kanisani. Kwetu mchungaji hasemi sentensi mbili bila watu kumwitikia. Mtu akiita wimbo, hata kama ni mlevi, hata kama anakosea, unamjibu. Kumwacha hewani ni kumvua nguo mbele za watu. Mdomo wangu ulitangulia kabla akili haijafika.

"*Nipo*," nikaimba. "*Nipo hapa.*"

Nyumba ikatulia. Harufu ikaondoka polepole, kama mtu anayerudi kinyumenyume. Mzee Cephus akaanguka kitini, akaukumbatia mkono wangu na kulia bila sauti.

Baadaye, akiwa ametulia, alininong'oneza habari kwa vipande vipande, nami nikamwinamia.

Usiku wa mwisho walikuwa wamegombana. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kijinga, nani akae kiti cha mbele garini. Cephus alitaka kumkomoa mwenzake. Jukwaani, mbele ya ukumbi uliojaa, Alonzo alipoita, yeye akanyamaza. Alonzo akaita tena. Cephus akachukua glasi yake ya maji akanywa taratibu. Watu wakacheka. Alonzo akaita mara ya tatu, sauti ikitetemeka, halafu akashuka jukwaani na suti yake ya sufu, akaondoka na gari peke yake kwenye mvua.

"Anaita kila jioni," Mzee akanong'ona. "Nikijibu, anakwenda. Nisipojibu... anasogea."

"Akifika je?"

Akafungua droo, akatoa peremende za mnanaa, akanifungia ndani ya leso.

"Za mtoto," akasema.

Ningefanyaje? Nikamwambia nitakuja kila jioni.

Nilikwenda. Nilipeleka sahani, nikasubiri harufu, nikajibu, nikarudi nyumbani. Mzee alianza kula. Alikuwa akinitandikia taulo kavu kwenye kiti, na kila mara kulikuwa na glasi ya chai ya barafu ikinisubiri. Vijana wa mtaani waliponiona navuka walinitania, "Delphine, unamwibia Cephus kazi!" Nikawajibu, "Nyie hamna hata kazi ya kuibiwa." Nilijiona mtu mwema. Huo ndio ukweli. Nilikuwa nikitembea nimenyoosha shingo.

Mpaka jioni moja niliporudi na kumkuta Joi kwenye beseni la kuogea, bibi yake amekwenda kuchukua taulo. Mtoto alikuwa amekaa wima majini, akitazama mlango wa bafu uliokuwa wazi.

"*Nipo*," akaimba. "*Nipo hapa.*"

Sikuwahi kumpeleka kule. Katika nyimbo nilizomlaza nazo, ule haukuwamo, na kwa mambo niliyokuwa nikiyasikia kule nisingethubutu kumwimbia.

"Joi... nani kakufundisha?"

"Mjomba."

"Mjomba gani?"

"Mjomba wa maji." Akacheka. "Mama, ananuka!"

Nilimtoa majini akiwa na povu mwilini, nikamkumbatia mpaka akalalamika. Sakafuni karibu na mlango palikuwa na maji. Yalikuwa ya kahawia.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Cephus mchana, bila sahani. Nilimwambia. Hakushtuka. Aliinamisha kichwa.

"Amezoea sauti yako," akanong'ona. "Anaifuata... hata kwa aliyeirithi."

"Ulijua?"

Akageuzia macho ujia wa jikoni.

"Mzee, nakuuliza. Ulijua?"

"Nilidhani kwako atakuwa mpole. Nisamehe, binti. Niliogopa."

Niliondoka bila kumuaga. Nikamweleza Mama Earline yote, nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Alichukua tofali jekundu nyuma ya nyumba, akaliponda kwa nyundo, akamwaga unga wake kwenye kila kizingiti ili kisichoalikwa kisivuke, kama mama yake alivyomfundisha.

"Humjibu tena," akasema. "Usikie nini, usisikie nini. Wafu wana kwao."

"Na Mzee Cephus?"

Alipangusa mikono kwa aproni, akaitazama nyumba ya ng'ambo.

"Una mtoto, Delphine."

Jioni ikaingia. Tulifunga madirisha licha ya joto lile. Joi alisinzia mapajani mwangu, kichwa chake kimelowa jasho. Nilikuwa nikimpepea kwa gazeti simu ilipolia.

Nikainua. Hakuna aliyesema. Nilisikia pumzi, ile ya koo lililopasuliwa, ikikwaruza.

Na nyuma yake, mbali...

*Ndugu yangu... upo?*

Mama Earline alinitazama, akatikisa kichwa.

*Ndugu yangu... upo?*

Karibu zaidi. Nilisikia hatua, zenye viatu vilivyojaa maji. Mzee Cephus hakuniita. Hakunisihi. Alishika tu simu mbele ya mdomo wake, na nilimsikia akijaribu... midomo ikigongana... hewa tupu.

Neno moja. Lilikuwa ulimini mwangu, lina ladha ya mnanaa.

Nikamtazama mwanangu. Midomo yake ilikuwa imefunguka usingizini, kama anayesubiri mtu aanze.

Nikanyamaza.

*Ndugu yangu...*

Ilikuwa pale pale kwenye simu. Pumzi ya mzee ikakatika. Halafu kimya kirefu. Halafu nikasikia mkono wa simu ukirudishwa mahali pake. Taratibu. Kwa uangalifu mkubwa, kama afanyavyo mtu anayejua kwamba upande wa pili kuna mtoto amelala.

Mpaka leo sijui ni mkono wa nani.

Walimkuta asubuhi kitini, mdomo wazi. Daktari akasema ni moyo. Kuhusu matope ya sakafuni, walisema bomba la jikoni lilikuwa likivuja. Sahani yangu ya mwisho ilikuwa imeoshwa, imefunikwa kwa kitambaa safi, tayari kurudishwa.

Kwenye mazishi kanisa lilijaa. Mkewe mchungaji alinishika mabega mbele ya watu wote. "Huyu binti ndiye aliyemlisha mpaka mwisho," akasema. "Mungu atakulipa, mwanangu." Watu wakaitikia, "Amina!" Mama mmoja akanipa leso yake. Vijana wale wa utani walisimama wanipishe njia, kofia mikononi. Kila wema wao ulinichoma. Nilitamani mtu mmoja tu anitukane.

Nilidhani adhabu yangu ni hiyo.

Lakini jana, jua likizama, nilikuwa nikikunja nguo sebuleni, Joi akichezea vibanio sakafuni. Kutoka nyumba ile tupu ng'ambo ya barabara nikasikia wimbo. Sauti nyembamba ikaita. Sauti nzito ikajibu kutoka chini, nzima, haina mkwaruzo. Wakaimba pamoja ubeti mzima, wakifuatana kama ndugu wanaovuka mto wameshikana mikono. Ulikuwa wimbo mzuri mno. Nililia. Nikasema moyoni, wamepatana. Amesamehewa. Labda hata mimi.

Ubeti ukaisha.

Pale wimbo unapokoma kwenye santuri, hawakukoma. Wakaita tena, wote wawili kwa pamoja, polepole.

*Dada yetu... upo?*

Na wakaacha nafasi.

Nililiuma shati nililokuwa nalikunja. Nikaliuma mpaka meno yakauma. Wakaita tena, na safari hii walikuwa wameshuka kutoka kibarazani.

Nyuma yangu vibanio vikaacha kugongana. Nikamsikia Joi akivuta pumzi.