Sehemu Sita Zilizoanza na Moja

Kila mapumziko, wenzake walipokimbilia uwanjani, Kimya alikwenda chumba cha kompyuta. Jina hilo walimbandika darasani wiki aliyohamia, kwa kuwa kila swali alilijibu kwa kutikisa kichwa, na miezi minne baadaye lilikuwa bado limemganda. Nyumbani aliishi na mama yake tu, muuguzi, ambaye alirudi kazini hoi na kulala mapema. Siku nyingine jua lilizama msichana huyu hajasema maneno kumi.

Ndipo darasa lao, la sita, likaandika ripoti ya usafi wa shule. Makundi sita yaliandika sehemu sita. Mwalimu wa kompyuta alipouliza nani anaweza kuziunganisha ziwe hati moja, Kimya akanyoosha mkono. Kusema kweli, alichojua ni kuchapa tu. Lakini tangu siku hiyo watu walianza kupita kwenye dawati lake wakiuliza amefika wapi, naye alisubiri maswali hayo tangu asubuhi. Angekiri kwamba hajui, kazi angepewa mwingine, na maswali yangemfuata huyo mwingine.

Alipoziunganisha, kila sehemu ilijiita ya 1. Alibofya huku na kule, namba zikamchezea shere. Mwishowe akazifuta zote, akachapa mwenyewe 1 hadi 6, na namba za vichwa vidogo vyote chini yake, 1.1, 1.2, mpaka vidole vikamuuma. Kwa macho ilipendeza. Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba mambo yako sawa.

Alhamisi mwalimu akaagiza sehemu ya maji, iliyokuwa ya tano, itangulie, maana mwalimu mkuu angeisoma ripoti kesho yake na shida kubwa ya shule ilikuwa maji. Kimya akaihamisha. Namba hazikutikisika: 5, 1, 2, 3, 4, 6. Akaanza kuzichapa upya, akakosea, akarudia, huku vicheko vya uwanjani vikiingia dirishani. Hapo upweke ukamzidi nguvu, akalia.

Mwalimu aliingia akamkuta hivyo. Alibofya penye namba moja, akajaribu kuifuta, akaona inafutika herufi kwa herufi kama neno la kawaida.

"Hizi umezichapa mwenyewe?"

Kimya angeweza kusingizia kompyuta. "Ndiyo, mwalimu. Sijui zinavyowekwa. Nilinyoosha mkono na sijui."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungempa mtu mwingine. Halafu hakuna ambaye angekuja kuongea na mimi."

Mwalimu akavuta kiti. Akamwonyesha kufuta namba alizochapa kwa mkono, kukipa kila kichwa mtindo wa kichwa, yaani alama inayoiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa cha sehemu, na kuuunganisha mtindo huo na orodha moja ya namba. Vichwa vya kwanza walivyotengeneza vikajipanga. Kimya akahamisha kimoja makusudi, namba zikabadilika zenyewe, akajikuta anacheka.

"Kila kundi liliandika kivyake," mwalimu akasema, "ndiyo maana kila sehemu ilianza kuhesabu kutoka moja. Haikujua kwamba ina wenzake. Na wewe, mwanangu, umehesabu hivyohivyo. Ukificha usichokijua, unabaki nacho peke yako. Ukisema hujui, mtu anapata nafasi ya kukaa karibu nawe. Kazi bado ni yako. Ila vimebaki vichwa ishirini, na mimi nina kikao. Nani akusaidie?"

Kimya hakuwa na jina la kutaja. Alikwenda mlangoni, akamwita kiongozi wa kundi lililoandika sehemu ya maji, msichana mrefu aliyekuwa akifunga kamba za viatu kwenye ngazi.

"Njoo unisaidie," akasema. "Peke yangu siwezi."

Msichana yule alimtazama kwa mshangao, akaja. Alivuta kiti alichokiacha mwalimu, akakaa.

"Sisi tulidhani hututaki," akasema.

"Na mimi nilidhani nyinyi ndio hamnitaki," Kimya akamjibu, akamsogezea kibodi.