Shika Jaketi, Usishike Mkono

Walisimama kwenye kituo cha boti jua likiwa limeshainama. Walikuwa wanatafuta choo tu. Dada, mpishi wa shule ya bweni, alikuwa safarini likizo hiyo na mdogo wake, dereva wa lori ambaye kila mtu alimwita Kibonge. Mke wa Kibonge alibaki nyumbani kwa sababu ya ujauzito uliokaribia kutimia. Siku ya kuondoka alimshika Dada bega mlangoni. "Wifi, namkabidhi kwako. Nirudishie mzima."

Aliyeziona boti za mpira zinazoteremka maporomoko ni Dada. Na aliyeng'ang'ania ni yeye, hana wa kumsingizia.

"Tuje kesho, Dada. Giza linaingia."

"Dume zima linaogopa maji! Kwa mwili huo si utaelea mwenyewe?"

Kibonge akacheka, akavaa jaketi la kuelea. Mwongoza boti, mtu mkavu asiye na maneno, alimkaza mikanda mwenyewe.

"Mtu akianguka, mvuteni kwa jaketi, hapa begani. Msishike mkono."

"Kwa nini?"

"Unateleza," alisema, akatazama pembeni.

Maporomoko ya kwanza walipiga makelele ya furaha. Yaliyofuata yaliinua boti upande mmoja, na Kibonge akatoka kama gunia.

Dada aliita. Akaita tena... Mto ulinguruma tu. "Ee Mungu, nipe mtu, nipe mtu!" Ndivyo alivyoomba. Hakutaja jina.

Mkono ukachomoza ubavuni mwa boti.

Mbele kidogo, katikati ya povu, jaketi jekundu lilikuwa linazunguka.

"Jaketi!" mwongoza boti alifoka, akigeuza boti kwa kasia. "Shika jaketi, mama!"

Lakini mkono ulikuwa karibu. Vidole vilikuwa wazi, vinasubiri. Akaushika.

Ngozi ikavuka.

Ilivuka nzima, pamoja na kucha, kama ya kuku aliyetoswa maji ya moto, ikabaki imemganda kiganjani. Vuguvugu. Yenye ute. Harufu ikampanda puani, ya samaki aliyevunda, na chini yake utamu fulani, kama maziwa yaliyochacha. Akashika juu zaidi, kwenye kifundo, akavuta.

Kibonge akaja. Mzima. Hana jaketi.

Anatabasamu.

Mwongoza boti hakumpa pole. Alimgeuza Kibonge viganja, cha kulia na cha kushoto. Vyote vilikuwa na ngozi. Kisha akakwangua kile kitu mkononi mwa Dada kwa ncha ya kasia, akakirudisha mtoni.

Jaketi walilikuta limekwama ukingoni. Vifungo vyote vimefungwa. Mikanda imekazwa vilevile. Ndani hamna mtu.

"Limemvukaje?" Dada alinong'ona.

"Halivuki likifungwa hivyo." Akatema mate. "Humu wapo wanaonyoosha mkono. Aliye hai hana nafasi hiyo, anahangaika na pumzi."

"Sasa huyu..."

"Mimi sijui, mama. Nilikwambia jaketi."

Dada ndiye aliyeendesha gari hadi nyumbani, vioo vyote chini. Kila waliposimama Kibonge alioga, na kila aliporudi harufu ilirudi naye. Kiti chake hakikukauka. Alikaa akivuta kidole kimoja kimoja, kama mtu anayekaza glavu zisizomtosha. Dada alijaribu kusali. Alipofika kwenye neno la kushukuru, ulimi ukakwama.

Mke alitoka mbio, tumbo mbele, akamrukia mumewe shingoni. Halafu akakunja pua.

"Wifi, mbona ananuka hivi?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilikuwa mdomoni.

"Maji ya mto," Dada akajibu. "Yatatoka."

"Mbaya wewe, kaoge!" mke akamtania mumewe. Akauchukua mkono wake mnene, akaulaza tumboni. "Msikie mwanao kwanza. Tangu asubuhi anarusha mateke, sijapumzika."

Wakasubiri.

Kibonge akatabasamu, kiganja chake kikiloanisha gauni taratibu.

"He! Ametulia," mke alisema. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, kisha akacheka. "Ametulia kabisa. Wifi, umeona? Amemjua baba yake."