Vijiko Vitano vya Pilipili

"Joha haolewi na muuaji!"

Mshenga wetu, Mzee Kondo, alirudi na maneno hayo, pamoja na pete ya uchumba ya mdogo wangu Ashrafu ndani ya mfuko wa nailoni. Zimebaki siku nne ndoa ifungwe!

Ashrafu akanigeukia. "Dada, muuaji nani?"

Nikainamisha kichwa. Jamani, aliyepeleka maneno ukweni ni mimi...

Msinitukane kwanza, nisikilizeni.

Hapa Mikumi alikuja mtafiti wa saikolojia, Innocent, kuchunguza kama magemu ya kupigana risasi yanamfanya mtu awe mkatili. Akanipa kibarua cha kuwasomea vijana maelekezo kwa Kiswahili. Kijana anacheza gemu nusu saa, halafu anaambiwa chumba cha pili kuna mtu atakula mchuzi, amtilie pilipili kiasi anachotaka. Ukitia nyingi, alama zako za ukatili zinapanda.

Ashrafu, ambaye hata kuku anaomba jirani amchinjie, alitia vijiko vitano! Akawashinda wote.

Nikaogopa mwenzenu. Nikamnong'oneza Joha, "Wifi, kuwa naye makini, vipimo vimeonyesha ana ukatili."

Nilidhani namsaidia. Joha akamwambia baba yake... basi, neno likakua njiani, hadi kijiji cha Ulaya wakajua kuwa ni muuaji.

Baada ya ile pete nikamkimbilia Innocent.

"Kaka, mdogo wangu kweli ni hatari?"

"Nani kasema? Tunalinganisha makundi, hatumpimi mtu mmoja. Na majibu ni siri, ulisaini!" Akanikazia macho. "Ila... uliwaambia kwamba anayekula hapendi pilipili?"



Sentensi ile niliiruka! Sisi tunauzia supu madereva wa malori, na mama alitulea tukijua kumbania mgeni pilipili ni uchoyo. Mtu asiyependa pilipili niliona ni mambo ya kwenye makaratasi tu.

Mbio hadi kwa kina Joha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, kosa ni langu, Ashrafu hana..."

"Ni ndugu yako. Ungesema nini kingine?"

Mlango ukafungwa. Joha namsikia analia ndani, na sina la kufanya!

Nikarudi nyumbani, nikamweleza Ashrafu yote. Nilitamani anipige hata kofi. Hakunigusa.

"Nilimtilia kama mgeni wetu," akasema. "Wale hawanijui, sawa. Wewe umenibeba mgongoni, dada. Na wewe uliamini?"

 

Joha kaolewa Ruaha Ijumaa iliyopita.

Ndugu zangu, kabla hujamtangaza mtu kuwa ni hatari, muulize mwenyewe kwa nini alifanya alichofanya. Mimi naye tunalala nyumba moja, na sikumuuliza.