Makofi ya Mama Mkwe

Shizue alipiga makofi mara mbili mbele ya hekalu, na hayakulia.

Alikuwa amefuata kila kitu. Kwa kata ya maji ameosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, amesukutua mdomo, ameinama mara mbili. Akapiga tena mpaka viganja vikawaka moto. Kimya. Mungu asipomsikia, nani atamponya Nagisa, binti yake wa miaka sita, mwenye homa siku ya nne?

Kuhani aliyekuwa akifagia majani akasimama. "Mama, kwenu kuna msiba?"

"Hakuna."

"Mfiwa hapiti lango letu kabla ya siku hamsini. Akipita, hurudi kwake na marehemu wake. Kweli hakuna?"

"Nimesema hakuna! Mwanangu anakufa, wewe unanihoji?"

Uongo mkavu. Mama mkwe wake, Tokiwa, alikuwa amekufa mwezi mmoja tu uliopita. Kiharusi kilimnyang'anya sauti, akawa anaita kwa makofi: maji, choo, maji tena. Shizue alichoka. Akamvisha mikononi vifuko vinene vya pamba, akavifunga mafundo mawili. Bibi wa watu alipiga makofi yasiyosikika mpaka akafa kwa kiu, midomo imepasuka.

Nyumbani, mumewe Katsumi alikuwa anavaa viatu. "Namfuata daktari. Koo limevimba, hawezi hata kusema."

Shizue akamwinamia mtoto. "Ukitaka maji piga makofi, mwanangu. Kama bibi."

Alikuwa jikoni makofi yalipolia. Pa! Pa! Hayakutoka kwa Nagisa. Yalitoka chumba cha Tokiwa, kilichofungwa tangu mazishi.

"Nani?" alinong'ona, akafungua, na harufu ya mkojo na pamba iliyolowa ikampanda puani, na mlango ukajifunga nyuma yake ukagoma, na makofi yakamzunguka, sikioni, kisogoni, pa, pa, pa, huku yeye akipiga kelele, "Mama, nisamehe! Mama, niache niende kwa mwanangu!" na sauti yake haikutoka hata kidogo, saa nzima, mpaka makofi yakanyamaza yenyewe na mlango ukafunguka.

Akakimbia.

Nagisa alikuwa amelala akitazama mlango, baridi, midomo imepasuka. Mikononi alikuwa amevaa vifuko vya pamba. Vilikuwa vimefungwa mafundo mawili, mafundo ya Shizue mwenyewe.